Paa la Tembe na Vidole Vyangu Viwili

Jamani, mkasa huu sijawahi kuusimulia mpaka mwisho, kwa sababu kila nikiuanza watu hucheka nikifika katikati, na mimi hucheka nao, halafu naishia hapo hapo maana sehemu inayobaki haina kicheko. Leo nitajikaza niifikishe. Ni aibu yangu ya mwaka jana, siku niliposimama mbele ya mgeni rasmi na umati wa watu, vidole viwili vya mkono wa kulia vimeganda juu ya nyumba ya mtu.

Kwa asiyetufahamu, sisi ni watu wazima tunaotengeneza vitu vidogo. Tunajiita klabu ya modeli (majirani wanatuita wazee wa maboksi, na wala hatukasiriki, maana maboksi ndiyo tunaanza nayo). Unachukua kitu halisi, iwe lori, treni au kisima cha kijijini, unakipima, kisha kila kipimo unakigawa kwa namba moja ile ile, tuseme ishirini, ili mlango ulingane na ukuta na ng'ombe asije akawa mrefu kuliko nyumba anayolala. Ni hivyo tu. Yeyote mwenye subira anaweza, na kama kazi yako ya kwanza imepinda usijali, ya kwangu ya kwanza ilikuwa basi lililofanana na mkate. Mimi ndiye ninayewapokea wanachama wapya na kuwafundisha, kwa sababu napenda kueleza (mke wangu husema nikianza kueleza, chai inapoa na sufuria inapoa).

Na jambo la kwanza ninalowafundisha, kabla ya mkasi na kabla ya gundi, ni kwamba kazi ya mwenzako huigusi. Hata ikiwa imekaa upande. Sababu ni rahisi: aliyeitengeneza ndiye peke yake anayejua nini kimekauka, nini bado, na nini kinashikilia nini. Hilo nimelisema mara nyingi mpaka wenzangu wanaliimba kabla sijafungua mdomo.

Sasa, katika wanachama wetu yupo Yustina, fundi cherehani wa Ipagala hapa Dodoma mjini, mtu wa maneno machache. Mwaka jana alileta tembe. Tembe ni ile nyumba ya zamani ya huku kwetu, ya miti na udongo, ndefu, paa lake bapa limefunikwa udongo, vyumba vimezunguka zizi la ng'ombe. Ilikuwa nyumba ya wazazi wake kule kijijini Mlali. Ile yenyewe ilianguka kwa mvua, kaka zake wakajenga ya bati pembeni, na mama yao akahamia humo lakini moyo wake haukuhama. Macho ya mama yalikuwa yamefifia, anaona mwanga tu na vivuli, na kila Yustina alipokwenda kumsalimia, mazungumzo yalikuwa ni ile nyumba: kitanda kilikuwa hapa, mtungi hapa, ukitoka jikoni unapinda hivi. Yustina akawa anasikiliza, anarudi Ipagala, anajenga. Udongo wa paa aliutoa kule kule Mlali, kwenye kifusi.

"Mama atakuja kwenye maonyesho," aliniambia. "Ataiona kwa mikono."

Nilielewa kwamba ataipapasa kwa juu, kama mtu anavyompapasa mjukuu kichwani. Sikuuliza zaidi. Mimi, mtu wa maswali yote, hilo sikuuliza.

Siku yenyewe ikafika. Tulikodi ukumbi Makole, tukatandika vitambaa mezani, Yustina akaweka tembe lake akaenda stendi kumpokea mama yake, na mwenyekiti wetu Bakari, fundi magari ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake, akaniambia nipite pite mezani nihakikishe mambo yako sawa kabla mgeni rasmi hajaingia. Nikapita. Treni sawa, malori sawa, nikafika kwenye tembe nikasimama, maana lilikuwa zuri kupita kiasi, mpaka vibuyu vilivyoanikwa juu ya paa ungeweza kuvihesabu. Halafu nikauona ule mwanya.

Kona moja ya paa ilikuwa imeinuka. Siyo sana, ukucha ungepita. Nikasema moyoni, masikini Yustina, gundi yake imeachia kwa jua la njiani, na mgeni rasmi anakuja, na mama yake anakuja. Mfukoni nilikuwa na supaglu, ile ya kichupa kidogo wanayogundishia soli za viatu. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia (ukijiona unatazama kushoto na kulia kabla ya kutenda wema, acha huo wema), nikadondosha tone, nikaona halitoshi, nikaongeza, nikabonyeza kona kwa vidole viwili mpaka ikae.

Niwaeleze kuhusu supaglu. Ni nyepesi kama maji, haikai pale ulipoiweka, inakimbilia kila ufa inaoukuta. Na ikikutana na vumbi la udongo haisubiri, inageuka jiwe palepale. Hayo yote nayajua, nayafundisha. Nilipotaka kuondoa vidole, paa likataka kuja navyo.

Nikavuta kidogo. Wapi! Wakati huo huo mlangoni kukapigwa makofi, mgeni rasmi kaingia.

Alikuwa afisa mmoja, mama mwenye uso wa furaha, na kwa bahati yangu mbaya alikuja moja kwa moja kwenye tembe, akanyoosha mkono kunisalimia. Nikampa wa kushoto. Watu wakaguna. Nikasema, "Samahani sana mheshimiwa, huu mwingine unaonyesha."

"Unaonyesha nini?"

"Usawa wa paa, mheshimiwa. Unaona lilivyo bapa?"

Basi nikaanza kueleza. Nilieleza miti ya nguzo, nikaeleza udongo unavyokandwa, nikaeleza kwa nini paa ni bapa, nikaeleza zizi, nikaeleza upepo wa Dodoma na vumbi lake, na muda wote vidole viko pale pale kama vya mtu anayepima homa ya nyumba. Yule mama alisikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa, akatazama saa, mwisho akasema, "Ahsante, mwalimu. Sasa twende ukatueleze ile treni."

"Treni, mheshimiwa, inaonekana vizuri zaidi ukiwa hapa."

Bakari akanijia sikioni kuninong'oneza, na ukumbi mzima ukasikia: "Shabani! Mbona humwachii mgeni apumue? Songa!"

"Siwezi kusonga."

"Huwezi kivipi?"

Nikamwonyesha kwa macho. Akainama, akatazama vidole, akatazama paa, kisha akacheka kicheko cha gereji. "Jamani eeh! Mwalimu kanasa!"

Ndugu zangu, ukumbi ulivunjika. Mgeni rasmi alijikaza akashindwa. Simu zikatolewa. Mmoja akapaza sauti, "Muuzeni pamoja na nyumba!" na mwingine, "Baba mwenye nyumba huyo, msimbughudhi!" Dada mmoja akasema ana dawa ya kutolea rangi ya kucha ndani ya mkoba, nisubiri, gundi itaachia yenyewe polepole. Na kweli ingeachia. Maji ya uvuguvugu na sabuni pia yangesaidia. Ilikuwa kazi ya kusubiri tu, na hata mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka.

Ndipo Yustina akaingia, amemshika mama yake mkono.

Watu wakawapisha. Bibi alikuwa mdogo wa mwili, kajifunga khanga mpya, uso kauinua kama mtu anayenusa mvua. Yustina hakuona kilichotokea, alikuwa anaangalia hatua za mama yake. Akasema, "Kaka Shabani, tupishe kidogo. Paa linafunguka, nataka mama aingize mkono vyumbani."

"Linafunguka?"

"Ndiyo. Sijalitia gundi. Nimeacha mwanya pale pembeni wa kushikia."

Sikumbuki nani aliacha kucheka kwanza. Ule mwanya ulikuwa mpini wa paa. Ulikuwa mlango wa mama yake.

"Shikamoo, Bibi," nilisema, maana lazima niseme kitu.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwalimu? Yustina anakusema vizuri."

Laiti ningebaki nimetulia! Yule dada alikuwa bado anapekua mkoba wake, ilikuwa ni kuvuta subira tu. Lakini nilikuwa nimesimama kati ya Bibi na nyumba yake, simu bado zimeinuliwa, na nikaona bora niachie mara moja hata ngozi ibaki. Nikavuta kwa nguvu.

Vidole havikuachia. Lililoachia ni tembe. Ile gundi ilikuwa imeteremka ndani ya nyufa ikashikamanisha paa na ukuta, na ukuta na kuta ndogo za ndani, kwa hiyo paa lilipoinuka liliondoka na upande mzima wa nyumba, kisha uzito ukalivunja, vikamwagika mezani na sakafuni: udongo, vijiti, kitanda, mafiga ya jikoni madogo kama punje za mahindi. Mkononi mwangu kilibaki kipande cha paa na kibuyu kimoja.

"Nini hicho?" Bibi akauliza.

Yustina akanitazama, akatazama meza, kisha akaushika mkono wa mama yake akauweka taratibu kwenye upande uliosalia. "Hapa ni zizini, mama."

Bibi akapapasa. Akatabasamu. "Eeh, zizini. Na huyu ni ndama." Vidole vyake vikatembea na ukuta, vinajua njia, vikafika pale ukuta ulipoishia vikasimama. Vikarudi nyuma, vikajaribu tena. "Na jikoni?"

"Jiko limeanguka, mama."

Akasema, bila hasira yoyote, "Limeanguka tena?"

Akautoa mkono wake, akaufuta kwenye khanga. "Basi. Nipeleke nikakae."

Yustina hakunigombeza. Alipomkalisha mama yake alirudi na boksi, akaokota vipande kimoja kimoja, hata vijiti. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaachiliwa kwa ile dawa ya kucha, vinawaka, nikainama nimsaidie. Akasema, "Acha tu, kaka."

Siku chache baadaye nilimfuata Ipagala nikamwambia nipo tayari kulijenga upya lote kwa mkono wangu. Alikuwa anapiga pindo la suruali, hakusimamisha cherehani. "Kaka Shabani, wewe hujui ndani palikuwaje." Na kweli, ningejenga nini mimi? Nilikuwa najua nje tu.

Alilijenga peke yake. Hakulileta kwenye maonyesho ya mwaka huu. Bibi alikataa kupanda tena gari kuja mjini, kwa hiyo Yustina alilifunga ndani ya shuka akalipeleka Mlali mwenyewe. Habari hiyo nilipewa na Bakari, siyo na yeye. Nilipokutana na Yustina klabuni nilishindwa kujizuia, nikamuuliza mama alisema nini alipoingiza mkono jikoni.

Akatabasamu, lakini hakunitazama. "Hayo ni ya kwetu, kaka."

Nimeyakubali. Bado nawafundisha wanaoanza, na bado naeleza mpaka wanapiga miayo, lakini nikiona kazi ya mtu ina kitu kilichoinuka au kilichopinda, naweka mikono nyuma, nasubiri mwenyewe aje, namuuliza: hapa umepaacha hivi makusudi? Naapa sitagusa tena kabla ya jibu. Na mara nyingi, mtashangaa, jibu huwa ni ndiyo.