Kipande Kisichofunikwa

Chini ya mikaratusi ya marehemu Mihayo hapakuwa pakiota kitu. Si nyasi, si mlenda, si hata ndago, gugu ambalo ukiling'oa jioni, asubuhi linakusalimia. Mihayo alipokuwa hai, mkewe Ng'washi aligombana naye sana juu ya miti hiyo. Alimwambia imekula ardhi ya kulimwa, na kwamba ni miti michoyo, kama mtu anayekula amejifungia mlango. Mihayo alicheka tu, akasema siku moja watauza nguzo na kumshukuru. Hakuna aliyeuza nguzo. Mihayo alizikwa upande wa pili wa nyumba, mikaratusi ikabaki mpakani mwa shamba ikidondosha majani yenye harufu ya dawa ya kikohozi, na mjane wake akabaki akiyafagia.

Wazo lilimjia akiwa na ufagio mkononi. Kama majani haya yanazuia kila kinachotaka kuota chini ya mti, je, yakilazwa katikati ya mahindi? Hakuwa akitafuta ujuzi. Alikuwa akitafuta namna ya kutomsumbua mtu.

Zamani pale Busisi palizi haikuwa kazi ya mtu mmoja. Magugu yakifika kifundoni unatuma habari, na alfajiri kikundi cha kulima kinaingia shambani ngoma ikiwa mbele, vijana wakirusha majembe juu na kuyadaka kwa mdundo. Wewe mwenye shamba, kazi yako ni ugali na maziwa ya mgando. Siku hizi vikundi vile huitwa kwenye sherehe, vimevaa sare, vinarusha majembe yasiyogusa udongo. Baada yao walikuja kina mama wa kanisani, kwa zamu. Nao wakapungua, huyu magoti yamemkataa, huyu kahamia kwa binti yake Buswelu. Mwishowe akabaki Nestory peke yake.

Nestory alikuwa mtoto wake wa pekee, mkatisha tiketi katika stendi ya Nyegezi, ng'ambo ya maji. Kila msimu wa palizi aliomba ruhusa akaja. Enzi za kivuko alifika amechoka kwa foleni ya Kigongo, na akishafika hakuwa na haraka ya kuirudia foleni ile, basi alilala siku mbili, tatu. Ndani ya nyumba mama na mwana hawakuwa na mengi ya kusemezana. Walikula, wakasikiliza redio, wakaagana kwenda kulala. Lakini shambani, kila mmoja kwenye mstari wake, macho chini, maneno yalikuja yenyewe. Mtu mwenye jembe mkononi halazimiki kuangaliwa usoni. Ni kwenye mistari ile Nestory alimwambia mama yake kwamba mkewe Winnie alikuwa amepoteza mimba. Ni kwenye mistari ile Ng'washi alimwambia mwanawe kwamba baba yake, siku ya mwisho, alimwita yeye Nestory, akidhani yuko chumba cha pili.

Kisha msimu mmoja Ng'washi alimwona akinyanyuka kutoka kwenye jembe huku ameshika kiuno, uso umekunjamana kama wa mzee. Akaona mwanawe anachakaa kwa ajili ya mahindi yake. Msimu uliofuata ndipo alipoanza habari ya majani.

Mara ya kwanza alikosea. Aliyakata yangali mabichi, akayarundika hadi kwenye mashina ya miche, akiyabana kama mtu anavyomfunika mtoto blanketi wakati wa baridi. Mahindi yaligeuka manjano, na mistari miwili ikafa. Akajifunza kuyaacha yakauke kwanza, kusubiri mahindi yafike magotini, na kuyalaza katikati ya mistari tu, mbali na shina kiasi cha kiganja. Mara ya pili shamba likatulia. Palipokuwa na vita ya kishona nguo na ndago pakawa na zulia la kahawia, na maboga aliyoyapanda yakatambaa juu yake bila kugombana na mtu.

Dorcas, jirani yake mwenye duka, alipita akasimama.

"Mama Nestory, shamba lako limevaa," alisema. "Letu liko uchi, linatafuta mchumba."

Ng'washi alicheka. Jioni hiyo alimpigia simu mwanawe, na ndani yake kulikuwa na fahari ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka.

"Nestory, safari hii hakuna palizi."

"Kweli, mama?"

"Kweli. Miti ya baba yako imepalilia."

Nestory alivuta pumzi ndefu, akacheka. "Umenipumzisha, mama. Kweli umenipumzisha."

Na hakuja.

Ulikuwa mwaka ule ule daraja la kuvukia ziwa, mahali pa kivuko, lilipofunguliwa. Watu walimwambia Ng'washi ana bahati, sasa Nyegezi ni hapo tu, mwanao anaweza kuja akanywa uji kwako na kurudi kazini. Aliitikia. Magari yalipita mchana kutwa, mengine yakielekea Geita, mengine mbali zaidi, wala hayakuwa na sababu ya kusimama. Yeye alikaa kwenye kizingiti akitazama shamba safi, la kijani, lisilomhitaji mtu yeyote. Mvua za vuli zilikatika. Alivuna kuliko mwaka wowote tangu awe mjane, akapukuchua peke yake, punje zikilia moja moja ndani ya beseni. Siku moja, katikati ya kupukuchua, mikono yake ilisimama. Alikuwa ameelewa kwamba magugu ndiyo yaliyokuwa yakimwita mwanawe nyumbani, na kwamba ameyaziba mdomo kwa mikono yake mwenyewe.

Masika yalipokuja alilima, akapanda, akasubiri mahindi yafike magotini, kisha akaanza kufunika kutoka upande wa mikaratusi. Alipofika karibu na barabara aliacha. Kipande kile chembamba, pamoja na mbegu zake za maboga, akakiachia jua. Alijiambia kwamba majani yamekwisha.

"Majani yamekwisha?" Dorcas aliuliza, akitoka kisimani.

"Yamekwisha."

Dorcas aligeuza shingo, akatazama mikaratusi na lundo la majani lililokuwa chini yake, likifika mtu magotini.

"Yamekwisha kweli," alisema, akaenda zake na ndoo yake.

Ndago zilikuja kwa haraka kama wageni walioitwa. Ng'washi alizitazama kila asubuhi kabla hajawasha moto, na zilipofika kifundoni alichukua simu. Alimwambia mwanawe magugu yameota. Nestory alisema asihangaike, kuna dawa ya kupulizia, atamtumia kwa basi pamoja na pampu, siku moja tu magugu yote chali.

"Dawa itaua na maboga," alisema Ng'washi.

"Basi nitakuja Jumapili."

Jumamosi alianika godoro, akafua shuka, akachagua kuku. Jumapili Nestory alishuka kwenye gari jua likiwa bado changa. Kabla hata hajasema shikamoo, mama yake alikuwa ameshaona kwamba hana begi. Aliitikia marahaba. Godoro lilikuwa limeanikwa bure.

Waliingia shambani, kila mmoja na mstari wake. Kwa muda palikuwa na sauti ya majembe tu na magari ya barabarani. Kisha Nestory, bila kunyanyua kichwa, akasema, "Winnie ana mimba, mama. Ina miezi mitano. Tuliogopa kusema."

Jembe la Ng'washi halikusimama. Alijua likisimama, kijana atamtazama, na akimtazama ataacha kusema.

"Mungu ni mkubwa," aliuambia udongo.

Nestory akaendelea. Alisema jinsi Winnie anavyoamka usiku kujipapasa tumbo kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa, jinsi yeye mwenyewe asivyothubutu kununua hata kofia ya mtoto. Ng'washi alilima polepole, polepole zaidi. Lakini kipande kilikuwa chembamba, na vijana wana mikono mirefu. Kiliisha jua likiwa bado halijafika utosini.

Ndipo Nestory akafanya jambo ambalo mama yake hakulitegemea. Alichukua gunia, akaenda chini ya mikaratusi ya baba yake, akalijaza majani, ya chini na ya matawini. Alikwenda na kurudi, jasho likimtiririka, hadi udongo wote mweusi ukafunikwa. Alisimama akatazama kazi yake, ameridhika.

"Sasa hutasumbuka tena, mama."

Ng'washi alikuwa ameegemea mpini wa jembe. Maneno yalifika hadi kwenye meno.

"Asante, baba," alisema.

Walikula kuku. Kabla ya jioni Nestory alikwisha kupanda gari la kurudi. Daraja lilikuwa limefanya kila kitu kuwa chepesi.

Asubuhi Ng'washi alikwenda kukitazama kile kipande. Aliinama. Majani yalikuwa yamerundikwa hadi kwenye mashina, yamebanwa kwa upendo, kosa lake yeye mwenyewe la mara ya kwanza, na mengi Nestory aliyachuma mabichi. Aliyasogeza kwenye shina la kwanza. Akayasogeza kwenye shina la pili. Kisha akasimama, akajipangusa mikono kwenye kanga, akarudi ndani kuchukua simu.

"Nestory, majani umeyabana kwenye shina. Mahindi yataungua."

"Si uyasogeze tu kidogo, mama?" Nyuma yake honi zililia, na wapiga debe walikuwa wakiita Geita, Bukoba.

"Naweza kuyasogeza," alisema Ng'washi. "Sitaki kuyasogeza peke yangu."

Maneno ya namna hiyo hakuwahi kumwambia mtu, hata Mihayo. Alisubiri. Alimsikia Nestory akimwomba abiria angoje, kisha kelele za stendi zikafifia, kana kwamba amesogea nyuma ya ukuta.

"Ni mistari mingapi?" Nestory aliuliza.

Kupitia mlangoni Ng'washi alikitazama kile kipande chembamba, ambacho mtu angekimaliza kabla chai haijapoa.

"Mingi," alisema. "Njoo na begi."