Bima ya Mbwa wa Mama

Mbwa alikuwa wa mama. Mama alipofariki, baba alihamia kwangu, mtaa wa Jamhuri, na sanduku moja, redio, na huyo mbwa mzee mwenye ukungu kwenye jicho moja. Kwa hiyo Jumamosi ile mbwa alipomeza gunzi la mahindi na kuanza kutapika, hakuna aliyethubutu kusema tumwache afe.

Tulimpeleka kliniki moja ya wanyama kule Parklands. Daktari alimbonyeza tumbo, akasema lazima apasuliwe siku hiyohiyo.

"Mna bima?" akauliza msichana wa mapokezi.

Nilikuwa nayo! Mwaka mzima nilikuwa nakatwa mshahara kwa ajili ya bima niliyouziwa na ajenti aliyekuja ofisini kwetu mjini, akaapa kwamba inahusu nyumba, vyombo na wanyama. Nikatoa karatasi kwa fahari. Msichana akaitazama, akanirudishia.

"Hapa unalipa kwanza, madam. Na bima mtamalizana wenyewe."

Nikatoa kadi ya mkopo, ambayo niliapa kuigusa siku ya msiba tu. Mashine ikaikataa mara mbili. Ikabidi nipigie benki, nisubiri muziki uishe, kisha nimweleze mtu nisiyemjua kwamba ndiyo, ni mimi, na ndiyo, pesa zote hizo ni za mbwa. Akacheka. Baba alikuwa kando, amemfunika mbwa kwa koti lake. Mashine ilipokubali, nilitaka kulia, kwa hasira zaidi kuliko shukrani.

Mbwa alipona. Wiki iliyofuata nikaenda na baba kwenye ofisi ya bima, katikati ya jiji, ghorofa ya sita, lifti imeharibika. Karani akatupatia fomu.

"Nambari ya hereni ya sikio?" nikasoma. "Lita za maziwa kwa siku?"

"Hiyo ndiyo fomu ya wanyama, madam. Jaza tu."

"Lakini huyu ni mbwa."

"Sasa mbwa anazalisha nini?"

Baba akainama juu ya kaunta. Alikuwa karani wa serikali maisha yake yote, fomu hazikumtisha. "Andika hivi, bwana: anabweka."

Karani akaandika kweli. Akagonga muhuri, akatuambia tungoje barua.

Tulingoja miezi mitatu. Benki haikusahau riba yake hata mwezi mmoja. Mimi nilipanda zile ngazi mara nne: mara faili limehamishwa, mara anayehusika yuko likizo, mara risiti ya daktari haina muhuri. Hatimaye barua ikaja, mistari miwili tu. Dai limekataliwa: mnyama, kwa mujibu wa mkataba, ni mfugo wa kuzalisha mali.

Nikampigia ajenti.

"Lakini dada," akasema, "mimi nilisema wanyama. Sikusema mbwa."

Nilivunja mkataba wa bima siku hiyo. Deni la kadi lilinichukua karibu mwaka, na jioni moja nilimfokea baba kwamba mbwa wake ananimaliza. Mwisho wa mwezi nikakuta sehemu ya pensheni yake mezani, ndani ya bahasha kuukuu ya serikali. Nikamrudishia. Asubuhi nikaikuta tena mezani. Tulisukumana hivyo siku tatu, mpaka nikachoka, nikaipeleka benki nikiwa bado nimenuna.