Kadi ya Dorkas Mfungaji

Yunisi hakuwa mtu wa mpira. Kadi za wachezaji zilimfikia kupitia mumewe, Mathayo, aliyekuwa dereva wa lori la mizigo la kwenda Rusumo. Kila safari Mathayo alimletea binti yao Winfrida bigijii za paketi, zile zenye kadi ya mchezaji ndani. Winfrida alitafuna bigijii, kadi akaziacha sakafuni. Yunisi ndiye aliyeziokota wakati wa kufagia, akazifuta vumbi kwa pindo la kanga na kuzitunza kwenye kopo la biskuti.

Miaka ikaenda. Winfrida alisoma, akapata kazi Mwanza, akaolewa huko huko. Mathayo aliugua figo akafariki, na huu ni mwaka wa sita. Yunisi akabaki pale Mandewa na nyumba ya vyumba vitatu, cherehani, kuku wake, na kadi mia tatu na kumi na mbili.

Mwanzoni alizipanga kwa nchi, kwa kuwa bendera zilikuwepo pembeni. Zikamchosha upesi. Akanunua albamu ya picha yenye vifuko vya nailoni, akaanza kuzipanga anavyotaka yeye. Ukurasa wa kwanza makipa. Wa pili waliopigwa picha wamefumba macho. Wenye majina ya kwenye Biblia walijaza kurasa nne. Wenye vipara walikuwa na ukurasa wao, na waliocheka wakati wenzao wote wamenuna walikuwa na wao. Alioupenda kuliko yote ni ule wa wanaofanana na watu wa mtaani. Beki mmoja alikuwa Melkizedeki wa buchani kabisa, mpaka lile pengo la meno. Siku moja alimwonyesha Anastazia, mwenzake wa kwaya. Anastazia alifunua kurasa mbili, akasema, "Una muda wewe," kisha akauliza kama gauni lake limekwisha kushonwa.

Katika kadi zote hizo hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Yunisi aliligundua hilo masika moja, akashangaa kwamba hakuwahi kuliona, maana na yeye aliwahi kuwa mchezaji. Mwaka 1986 alikwenda Dodoma na timu ya netiboli ya wilaya, wakarudi na kikombe cha mshindi wa tatu. Picha ya timu alikuwa nayo bado, wasichana wanane wamevaa sketi zinazofanana. Akaipeleka studio mjini, akaomba kila sura ikuzwe na kusafishwa peke yake. Akazibandika juu ya maboksi ya sabuni aliyoyakata kwa kipimo cha kadi za bigijii. Nyuma ya kila moja alikusudia kuandika jina, namba aliyocheza, alikotoka na aliko sasa.

Habari za wanne aliziulizia kwa simu. Wengine wawili walikwishafariki, akaandika hivyo. Kadi yake mwenyewe aliiandika bila kumuuliza mtu. Ya Dorkas ilibaki nyeupe nyuma; hakutaka kuianza kabla hajajua aliko. Dorkas alikuwa mfungaji, msichana mrefu kutoka Itigi, na mpira wake uliingia golini bila kugusa chuma. Usiku wa mwisho kule Dodoma walilala godoro moja, wakaongea mpaka wakakemewa. Basi Anastazia, aliyekwishasimuliwa habari zake, aliposema amemwona Manyoni mwanamke mrefu wa jina hilo akiuza mafuta ya alizeti karibu na stesheni, Yunisi alisuka nywele, akavaa gauni la kanisani, akapanda basi la asubuhi.

Alimtambua kwa urefu wake, ingawa mgongo ulikuwa umeanza kupinda.

"Karibu, mama. Lita ngapi?" Dorkas aliuliza.

"Dorkas, ni mimi. Yunisi."

"Yunisi gani?"

"Wa netiboli. Dodoma. Nilicheza senta."

Dorkas akamtazama kwa heshima, kama mtu anayetafuta kitu alichosahau mgeni nyumbani mwake. "Senta alikuwa Emiliana," akasema taratibu.

"Emiliana aliteguka kidole mechi ya pili. Nikaingia mimi."

"Basi ulikuwepo. Nisamehe, dada. Ni zamani sana."

Alimsogezea kigoda. Yunisi akakaa, akatoa kadi kwenye pochi. Alikuwa amejiandaa na maswali: alifunga magoli mangapi, nani alimfundisha, aliacha lini kucheza. Hakuuliza hata moja. Dorkas alikuwa ameishika ile kadi kwa mikono miwili, ameisogeza kwenye mwanga.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Ni wewe."

"Nyumba yetu ilianguka na mvua, picha zote zikaloa. Hata ya harusi sina. Wajukuu nikiwaambia nilikuwa nacheza, wananicheka." Aliigeuza, akaona nyuma hakuna kitu, akaigeuza tena. "Hii unanipa?"

Yunisi alikuwa amekuja kuijaza na kurudi nayo.

"Ni yako," akasema.

Dorkas alimfungia chupa ya mafuta kwenye gazeti, akakataa kulipwa. Wateja wakaja, akainuka kuwahudumia. Hakuomba namba ya simu, na Yunisi hakuitaja. Saa nane alikuwa kwenye basi. Basi liliposimama kituo cha Mkiwa, wanawake waliinua sahani za karanga mpaka dirishani. Alitikisa kichwa tu.

Kesho yake alifungua albamu, akatoa kadi yake pale alipokuwa ameiweka, kando ya ile ya Emiliana. Akaanza ukurasa mpya na kuuandika juu: Wachezaji wa akiba. Kisha akapitia kadi zote, moja moja, akitafuta wengine wa kuwaweka pamoja naye. Lakini picha haisemi nani alicheza na nani alikaa benchi. Wote walikuwa wamesimama kwenye nyasi na jezi zao safi. Mpaka jioni ukurasa ule ulikuwa na kadi moja.

Jumapili Winfrida alipiga simu, kama kawaida yake baada ya ibada.

"Shikamoo mama. Ulimpata yule rafiki yako?"

"Marahaba. Nilimpata."

"Alikukumbuka?"

Yunisi alitazama uani, kuku walikuwa wanachakura chini ya kamba ya nguo.

"Alinikumbuka," akasema. "Tuliongea sana."

"Afadhali, mama. Nilikuwa nawaza uko mpweke."

"Hapana," Yunisi akasema. "Watoto hawajambo?"