Fomu ya Fundi wa Kuchomelea

Kwa miaka kumi na minane alichomelea vikopo vya alumini ambamo wanasayansi wageni wa kituo cha nyuklia walitia sampuli zao kabla ya kuziweka mbele ya mwale wa nyutroni, chembe ndogo zitokazo kwenye mtambo. Wageni walikuja, wakapima, wakashukuru, wakaenda zao. Yeye alibaki karakanani na lawama moja iliyomkaa rohoni: mabomba mawili ya maji ya kupozea mtambo yalipasuka pale pale alipoyaunga, na wahandisi wakasema mkono wake umechoka.

Hakukubali. Alijua nyutroni hupenya chuma mpaka ndani, na jinsi zinavyotawanyika huonyesha wapi kinavutwa na wapi kinabanwa. Basi akajaza fomu ya kuomba siku za kupima viungo vyake kwa mwale ule.

Mkuu wa karakana aliisoma akiwa wima. "Mama, hii ni ya watafiti."

"Imeandikwa yeyote mwenye swali la maana."

"Basi tanguliza jina langu, itapita."

"Kwani wewe ndiye uliyechomelea?"

Mkuu akamrudishia fomu, naye akaiwasilisha vile vile.

Jibu likaja: ombi limekataliwa, mwombaji hana shahada. Nyumbani mdogo wake akamsihi, "Dada, si uachane nao? Utakuja kufukuzwa kazi bure." Yeye akachukua karatasi, akaandika mstari mmoja: "Mmejibu kuhusu shahada yangu, swali langu bado." Akaipeleka kwa mkono, akakaa kwenye benchi la ofisi ya wageni, inayogawa siku za kupima, mpaka ikagongwa muhuri wa kupokelewa.

Wiki ya tatu mgeni mmoja akanyimwa viza, na siku zake mbili, zilizobaki bila mtu, akapewa fundi. Alikata vipande vya mabomba yale, akavifunga mwenyewe mbele ya mwale, wala hakuruhusu mtu avisogeze.

Bomba la kwanza lilimtetea: wahandisi walichora kiungo karibu mno na kona. La pili lilikuwa kosa lake. Alilipoza kwa maji kabla ya wakati.

"Hilo la pili lifute," Mkuu alimnong'oneza. "Unajipalia makaa."

"Nikilifuta, la kwanza nani ataliamini?"

Ripoti ikatoka na yote mawili. Karani alipouliza mbele ya jina lake aandike Dokta au Profesa, alijibu, "Andika Fundi."

Wahandisi walibadilisha mchoro bila kumwomba radhi. Naye hakuwangoja. Alikuwa ameshachukua fomu nyingine, na safari hii aliomba siku tano.