Meno ya Kapelo ya Brandvold

Delmar Hovland hakusoma Chuo cha Brandvold. Alichofanya maisha yake yote ya kazi ni kupita mbele ya lango lake na lori la maziwa, na wanafunzi waliokuwa wakirudi kulewa walimpungia mkono wakidhani ni mwalimu. Aliyesoma pale ni baba yake, Ingvald, tena si kwa muda mrefu. Ilikuwa zamani, kabla ya vita. Ingvald alishinda uwanjani akicheza besiboli mpaka walimu wakamshauri kwa upole arudi kwao kwenye mifugo, ambako hakuna mitihani. Akarudi, na kapelo yake kichwani.

Ilikuwa kapelo ya sufu nzito ya kijivu, yenye herufi B nyekundu iliyoshonwa kwa mkono, kifungo utosini na ukanda wa ngozi kwa ndani. Wakati wa joto iliwasha kama upupu. Ikinyeshewa ilinuka kondoo, na hapo ndipo mambo yalipoanzia, kwa sababu mbwa wao Skipper alikuwa mbwa wa kuchunga kondoo. Siku moja ya mvua mzee aliiweka juu ya uzio, Skipper akapita, akanusa, akaona kuna kondoo kapotea njia. Akamkamata. Tangu siku hiyo kapelo ile ilikuwa na pengo upande wa kushoto wa ukingo wake, la umbo la mwezi mchanga. Ingvald aliivaa hivyohivyo mpaka alipofariki, na Delmar akaitundika kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni.

Chuo kilipojiandaa kwa sikukuu yake kubwa, wakubwa wakaamua timu ivae kapelo za kizamani. Walipofungua stoo wakakuta nondo wameshasherehekea kabla yao. Ndipo mtu akakumbuka msumari wa Delmar. Akaja Profesa Quarles, mwanahistoria wa chuo, mtu mrefu mwenye sauti ya kuongea na wagonjwa. Alivaa glovu nyeupe, akaishusha ile kapelo kama anayemtoa ndege kiotani, akaondoka nayo akitembea kinyumenyume.

Karakana ya kofia iliambiwa iige kila kitu, isibadilishe hata uzi. Nayo ikaiga kila kitu. Sufu, herufi, ngozi, na pengo. Watu wakazigombania kabla theluji haijaisha pembezoni mwa uwanja. Kila moja ilikuja na karatasi ambamo profesa alieleza kwamba wachezaji wa kale waliukata ukingo kwa makusudi, ili jua likizama waweze kuuona mpira unaotokea kushoto.

Delmar aliisoma karatasi hiyo kwa kinyozi, povu likiwa bado shingoni. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa profesa.

“Profesa, pale aliuma mbwa.”

Quarles alivua miwani. “Mbwa yupi?”

“Skipper. Mbwa wetu wa kondoo.”

Delmar alitegemea kuombwa radhi, au kufukuzwa. Badala yake macho ya profesa yalijaa machozi ya furaha. Alimwuliza Skipper alikuwa na rangi gani, alibweka vipi, kama alikuwa na tabia ya kutafakari. Haikuchukua muda, karatasi ikaandikwa upya, jua likatolewa, mbwa akaingizwa.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Waliosoma chuo kile, waliposikia kwamba pengo ni la meno, walizitazama kapelo zao upya na kuona limekatwa na mashine, safi kama limekatwa kwa mdomo wa gilasi. Wakasema wameuziwa urithi wa bandia. Hakimu mmoja mstaafu alirudisha yake ikiwa imefungwa kwa kitambaa cheusi. Chuo kikaunda Kamati ya Mng'ato. Kamati ikakaa, ikanywa kahawa nyingi sana, ikaamua: kapelo zitashonwa zikiwa nzima, na kila moja itaumwa na mbwa, ikiwezekana wa nyumba ileile.

Delmar alikuwa na mbwa, jike mnene aitwaye Olga, aliyempata baada ya mkewe kufariki. Olga hakuwa na undugu wowote na Skipper. Kamati ililijadili hilo ikaona kwamba mradi anakula kwenye jiko lilelile, mrithi ni yeye. Akapewa kitambulisho cha mfanyakazi, chenye picha yake ulimi ukiwa nje.

Maboksi yakateremshwa barazani. Delmar akamwekea Olga kapelo ya kwanza. Olga akainusa, akaweka kidevu juu yake, akalala. Delmar akaipaka mchuzi wa nyama. Olga akalamba mchuzi wote na kuirudisha kapelo ikiwa safi kuliko ilivyotoka karakana. Mwishowe Delmar alitoka nayo uani akakimbia ameinama, akilia kama kondoo, ili kuamsha damu ya uwindaji. Olga alimtazama kwa huruma, kisha akaingia ndani.

Aliyeiona shughuli hiyo yote ni jirani yake, Bernadine Kolodziej, mjane aliyekuwa akianika mashuka upande wa pili wa uzio. Wawili hawa walikuwa majirani wa kupeana habari za hali ya hewa, basi. Siku hiyo hata hali ya hewa hakuigusa. Alichukua kapu lake akaondoka.

Kamati ilituma ujumbe kwamba kesho inakuja kukagua. Delmar alikaa mezani, akautazama ule mlima wa kapelo, akamtazama Olga. Akaona aibu kwa niaba ya baba yake, na kwa niaba ya Skipper pia. Akafunga mlango, akachukua kapelo moja, akaiuma kwa nguvu zake zote.

Alipoivuta, kapelo ilitoka na meno yake yote ya juu.

Mlango ulifunguliwa. Ni Bernadine, na bakuli la tambi za kuoka, kwa sababu alikuwa amewaza mchana kutwa akafikia uamuzi kwamba mwanamume anayekimbia uani akilia kama kondoo huenda hajala.

“Delmar,” alisema, “meno yako yako kwenye kofia.”

Delmar alitikisa kichwa kukubali.

Bernadine aliweka bakuli, akayachomoa meno, akayaosha bombani, akamrudishia huku ametazama pembeni ili asimwaibishe. Kisha akadai maelezo. Delmar akamweleza yote, tangu kondoo wa uongo mpaka kamati. Bernadine alisikiliza bila kucheka, jambo lililomgusa Delmar kuliko alivyotarajia.

“Hebu sogea,” alisema. “Mimi haya yangu nilizaliwa nayo.”

Akauma. Pengo likatoka lenye umbo la mwezi mchanga, na alama ndogo za meno pembeni.

“Ina ladha ya kondoo.”

“Ndiyo yenyewe hiyo, jirani.”

Wakauma mpaka kukakucha, yaani Bernadine aliuma, Delmar akishika ukingo juu ya mvuke wa birika ulainike. Kamati ilipofika, Profesa Quarles alipitisha kioo chake cha kukuzia juu ya kila kapelo, akatangaza kwamba taya kama hili halijaonekana tangu enzi za Skipper. Akampigia Olga saluti. Bernadine, aliyekuwa akimimina kahawa, alikohoa nyuzi za kijivu kwenye leso.

Maboksi yakaendelea kuja. Kila alasiri Bernadine alivuka uzio, wakafanya kazi wakila jibini mbichi na kuzungumza, yeye akiongea katikati ya kapelo na kapelo. Delmar hakuwa amezoea kusubiri mtu amalize kutafuna ndipo aisikie sentensi. Alijikuta anaipenda ile subira.

Lakini dhamiri ilimsumbua. Alikwenda tena kwa profesa akamwambia kwamba Olga hajauma hata moja, anayeuma ni Bi Kolodziej wa jirani. Quarles alinyanyuka akafunga mlango.

“Bwana Hovland, jua umeshaniharibia. Niachie mbwa.”

Kisha akakaa, akafikiri, akauliza kwa sauti ya chini kama huyo bibi ana uhusiano wowote na Skipper. Delmar akasema hana, ila uzio aliokuwa akikojolea Skipper ndio huohuo wanaotumia yeye na bibi. Profesa akaandika hilo haraka. Kamati ilikutana ikaona linatosha. Olga akastaafishwa kwa heshima, akapewa cheti, akakila. Bernadine akapewa kitambulisho, naye alikataa kutoa ulimi kwenye picha.

Majani yalipoanza kudondoka, alasiri moja, Delmar alizima birika akasema kwamba kwa kuwa Bernadine anakuja kila siku, labda ingekuwa rahisi asiwe anarudi kwake. Bernadine alikuwa ameng'ata. Alimtazama kwa muda juu ya kapelo, akamaliza, akatema sufu kwenye kiganja.

“Piano yangu nayo inakuja,” alisema.

Delmar alikwenda kutafuta futi ya kupimia mlango. Mlango ulikuwa mwembamba. Walitumia jioni yote kubishana kama wang'oe fremu au waipitishe dirishani.