Siku Niliyobeba Maji ya Mheshimiwa

Aibu hii nimewahi kuiandika mara moja tu kabla ya leo, na hata hiyo mara moja sikutaka, nilisimamiwa. Niliiandika kwa mkono wangu, kwenye daftari nililolinunua mimi, chini ya safu nilizozichora mimi kwa rula: Jina, Kosa, Mzigo. Anayedhani natia chumvi aende Kithimani, aulize daftari la kikundi cha wabeba maji, afungue ukurasa wa kwanza, mstari wa tano. Mwandiko ni mzuri, hilo hakuna atakayekataa.

Mimi nafanya kazi na shirika la kimataifa linalotetea wanyama, ofisi yetu iko Machakos mjini, na kazi yangu ni kuandika. Daktari wetu wa mifugo, Musyoka, ndiye anayetibu punda. Mimi nasimama nyuma yake na kamera na kijitabu, naandika punda ni wa nani, ana kidonda wapi, saa ngapi (saa lazima, mimi siwezi kuandika jambo bila saa), kisha narudi ofisini natengeneza ripoti ambayo watu wa makao makuu ng'ambo wataisoma wakinywa kahawa.

Kithimani, kama hujafika, ni mji wa soko kwenye barabara ya Garissa, na maji ya hoteli na ya nyumba nyingi hubebwa na punda kutoka kisima cha pampu kilicho nje kidogo ya mji. Tulipoanza kwenda huko kila Jumanne, punda walikuwa na vidonda vya fimbo mgongoni ambavyo Musyoka alikuwa akiviosha huku ameuma mdomo wa chini. Tukafundisha watu kuweka gunia laini chini ya mitungi, tukafundisha kukata kwato, yote wakakubali. Fimbo tu ndiyo iliyowashinda kuacha.

Hapo ndipo nilipojitia wazimu wa kutunga sheria. Kwenye mkutano wa kikundi nilisimama nikapendekeza kwamba yeyote atakayempiga punda hadharani aubebe mzigo wa punda yeye mwenyewe: mtungi mmoja wa lita ishirini, kutoka kisimani hadi lango la soko, punda akitembea kando yake bila kitu mgongoni. Watu wakacheka, wakapenda. Isipokuwa Kyalo. Kyalo ni mwanamume mwenye kifua kama mlango wa ghala, ana punda watatu, na aliuliza akiwa ameketi:

"Na nyinyi wa ofisi? Ama sheria ni ya sisi wenye matope?"

"Ni ya kila mtu," nikamjibu, na kwa kuwa nilikuwa nimepata joto la kuhutubia, nikaandika palepale daftarini, nikisoma kwa sauti: *Atakayempiga punda kwa fimbo, mjeledi, mkono au kitu chochote, awe mwanachama, mgeni au mfanyakazi wa shirika, atabeba.* Hiyo "kitu chochote" niliipenda sana. Nilirudi nyumbani nikijisifu kuwa sheria yangu haina mwanya.

Miezi miwili ikapita, watu wanne wakabeba, na wa nne alikuwa Kyalo. Alibeba, soko zima likimpigia vigelegele, akatua mtungi langoni, akaja hadi nilipokuwa, akaniambia polepole, "Muli, mimi nimebeba. Siku moja mmoja wenu atateleza, na siku hiyo asipobeba, mimi na wenzangu tunatoka. Na fimbo zetu tunazichukua." Kijitabu changu kinaonyesha ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

Basi makao makuu wakatuma mgeni. Jina lake Bi Karin, mama mrefu, mpole, anayeuliza maswali mafupi, na alikuja kuamua jambo moja: kliniki ya Jumanne iendelee Kithimani au ifungwe ipelekwe kwingine. Alitaka kuona kama sheria ya fimbo inafanya kazi kweli au ni maneno ya kwenye ripoti (ripoti zangu, yaani). Meneja wetu, Bi Ndinda, hakulala vizuri wiki nzima. Tulipanga gari la mgeni litakapoingia sokoni likutane na msafara wa punda kumi, wasafi, wenye magunia mapya, wa mbele akiwa Mheshimiwa.

Mheshimiwa ni punda wa Mama Mutheu, mwenyekiti wa kikundi. Anaitwa hivyo kwa sababu anatembea taratibu akitazama watu huku na huku, na akisimama hakuna wa kumsongesha mpaka akubali mwenyewe. Ndiye aliyepona vizuri kuliko wote.

Sasa ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Katika kazi hii nina picha elfu za watu wengine, zangu hakuna. Mama yangu kule Kangundo huniuliza kama kweli nafanya kazi huko ama naenda tu kutembea. Nikafikiria, leo nitashika kamba mimi, nitaonekana mbele ya msafara nikiwa na fulana nyeupe ya shirika na viatu vyangu vipya, na Musyoka atashika kamera. Nikampa, nikamwagiza (kumbukeni hili), "Usizime. Litokee lolote, usizime."

Mama Mutheu alinipa kamba bila ubishi, ila alisema, "Mwanangu, huyu hana taabu. Lakini mkifika hapo kwa hoteli ya Ndanu atasimama. Usimvute. Ndanu humpa majani ya sukuma wiki, akimaliza anaenda."

"Leo hatuna muda wa sukuma, Mama."

"Aiya," akasema Mama Mutheu, akanipisha.

Tulitoka kisimani saa nne kamili. Tulitembea vizuri mno, nikitazama mbele kama mtu aliyezaliwa na kamba mkononi, mkono wa pili nimeshika bango la karatasi ngumu nililolikunja kama bomba, nipate kulikunjua mgeni akifika. Saa nne na dakika kumi na mbili tukafika mbele ya hoteli ya Ndanu. Mheshimiwa akasimama.

Nilivuta kidogo, kistaarabu. Nikavuta zaidi. Nikamwita kwa jina. Nyuma yangu punda tisa wakasimama pia, wakaziba njia, boda boda wakaanza kupiga honi, na Ndanu mwenyewe hakuwepo mlangoni, alikuwa amekwenda kununua nyanya. Jamaa mmoja wa boda boda akazima pikipiki yake atazame vizuri.

"Ongea na yeye Kizungu, bosi! Si hiyo ni punda ya shirika?"

"Mpatie barua," akasema mwenzake. "Hao wa ofisi hawasongi bila barua."

Nikaenda nyuma nikamsukuma. Mheshimiwa akarudi hatua moja, akaweka kwato juu ya kiatu changu kipya, akatulia hapo, kama mtu aliyepata mahali pa kupumzisha mguu. Wakati huohuo nikaliona gari la shirika linakata kona ya soko, na ndani yake nikaona uso wa Bi Ndinda ukitabasamu tabasamu la wiki nzima.

Sijui niseme nini. Maumivu ya vidole, honi, lile gari, na lile bomba la karatasi lililokuwa mkononi. Niliona mkono unakwenda. Nakumbuka nilishangaa, kama vile ni wa mtu mwingine. PWAA! juu ya paja la punda.

Mheshimiwa aliondoa kwato kwenye mguu wangu, akaenda mbio hatua kama kumi, akasimama pua kwa pua na gari la mgeni. Bango likakunjuka lenyewe mkononi mwangu, limepasuka kidogo pembeni, na kila mtu aliyejua kusoma akasoma maandishi niliyoyaandika kwa rangi nyekundu usiku uliotangulia: NITUNZE, USINIPIGE.

Kutoka katikati ya msafara ikatoka sauti niliyoitambua kabla sijageuka.

"Kosa!"

Hilo ndilo neno ambalo kikundi hutumia mtu akimpiga punda. Kyalo alilisema mara moja tu, bila hasira, kama karani anayeita jina.

"Hiyo haikuwa fimbo," nikasema. "Ni karatasi."

"Daftari liko wapi?" akauliza Mama Mutheu.

Daftari lilikuwa kwenye begi langu, nililibeba nimwonyeshe mgeni. Nikalitoa.

"Soma, mwanangu."

"Mama, tusubiri kwanza mgeni..."

"Soma tu."

Nikasoma. Nilipofika "mkono au kitu chochote" nilipunguza sauti, na yule wa boda boda akasema, "Hapo hatujasikia, rudia." Nikarudia. Nilipofika "mfanyakazi wa shirika" hakuna aliyeomba nirudie, walikuwa wanaijua kwa moyo.

Bi Karin alikuwa ameshuka, anauliza kuna nini. Na hapa Bi Ndinda, ambaye ni mtu mwerevu na alikuwa anatafuta kuniokoa, akacheka kicheko cha mkutanoni, akamweleza kwamba huu ni mchezo wa kuigiza, vijana wameuandaa kuonyesha jinsi sheria inavyofanya kazi. Bi Karin akafurahi, akapiga makofi. Bi Ndinda akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili cha chini chini, "Muli, inama uwashukuru watazamaji, tuendelee."

Wallahi niliinama. Nilikuwa nimeshainama nusu, na ingekwisha hivyo. Lakini wakati nainuka nikamwona Kyalo. Hakuwa amekasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa anatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeambiwa jambo alilolijua tangu zamani, na mkono wake ulikuwa umeshaanza kufungua kamba za gunia jipya kwenye mgongo wa punda wake, gunia letu, alirudishe. Wenzake wawili walimtazama, wakaanza na wao.

"Si mchezo," nikasema. Nikalisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza ili pasiwe na shaka. "Nimempiga. Nitabeba."

Bi Ndinda alifumba macho. Kyalo aliacha kamba.

Tukarudi kisimani, msafara mzima, pamoja na mgeni aliyekataa kupanda gari. Nilijaziwa mtungi mpaka juu (Kyalo ndiye aliyejaza, na hakubania tone). Wanawake wa kwetu hubeba kwa ukanda wa kichwani, na mimi nimewaona maisha yangu yote na kuwapiga picha, lakini nilipojaribu ukanda uliteleza ukanifunga macho, kwa hivyo nikabeba begani. Kifuniko kilikuwa kinavuja. Hatua ya ishirini fulana nyeupe ilikuwa imegandana na mimi, hatua ya hamsini suruali pia, na viatu vipya vilikuwa vinatoa sauti kama chura wawili wanaojibizana. Mheshimiwa alitembea kando yangu bila mzigo, kichwa juu, akisalimia watu.

"Pole, punda!" wakaniita kutoka kwa vinyozi. "Mwenye wewe akupatie majani!"

"Musipige huyo, jameni, ni wa shirika!"

Nilivumilia kwa kuhesabu: bado kona moja, bado hoteli ya Ndanu, halafu lango. Na tulipofika kwa Ndanu, Mheshimiwa akasimama.

Sheria inasema unatembea na punda. Haisemi unamwacha. Nilimtazama Mama Mutheu.

"Mngoje," akasema. "Amefika kwake."

Ndanu alikuwa amesharudi na nyanya zake. Alileta majani ya sukuma kwenye sinia, akaanza kumpa moja moja, akimpapasa shingo. "Kula polepole, Mheshimiwa, nani anakukimbiza leo?" Lita ishirini zilikuwa begani mwangu. Majani yalikuwa mengi, na nawaambia, yule punda alitafuna kila jani kama mtu anayesoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Alipomaliza alinitazama, akatikisa masikio, akaenda mwenyewe, bila kuvutwa, moja kwa moja mpaka langoni.

Niliutua mtungi, vigelegele vikapigwa, nikaletewa daftari na kalamu. Jina: Muli. Kosa: Karatasi. (Mama Mutheu aliniambia nilikate hilo niandike "bango", niwe wazi, nikalikata.) Mzigo: Mtungi mmoja. Bi Karin aliomba alione. Akasoma yale majina matano, akaniuliza lile la nne ni la nani, nikamwonyesha Kyalo, wakapeana mikono. Hakuuliza swali jingine siku hiyo. Kliniki ya Jumanne ipo hadi leo, na mtu wa kwanza kwenye foleni wiki iliyofuata alikuwa Kyalo na punda wake wote watatu, na alinisalimia hivi: "Habari ya bega?"

Na Musyoka hakuzima kamera. Nilikuwa nimemwagiza, na yeye ni mtu wa kufuata maagizo. Makao makuu waliipenda sana ile picha ya mbele ya hoteli, wakaiweka kwenye kalenda ya shirika: mimi nimelowa, mtungi begani, macho yamenitoka, na Mheshimiwa ana jani mdomoni. Maelezo ya chini yanasema kwamba hali yake imeimarika. Hayasemi ya nani. Mama yangu ameitundika sebuleni na sasa haniulizi tena kama nafanya kazi.

Mimi nimerudi nyuma ya kamera na sitoki. Kamba ya punda sishiki, na karatasi yoyote niliyo nayo nikiwa Kithimani naikunja mara nne, naitia mfukoni kabla sijashuka garini. Mheshimiwa akisimama kwa Ndanu, nami nasimama. Naagiza chai, naketi kwenye benchi, naandika saa.