Neno Nililomnyima

Nimechoka kusikia watu wakimsifu. Tangu afe, eti Maskati nzima ilikuwa rafiki yake. Hata wanaume waliokuwa wakitema mate akipita, leo utawasikia, "Masikini, mtu wa watu yule, akituvunja mbavu." Haya. Na mie nna langu la kusema, ila langu halinipambi.

Alikuwa mchekeshaji. Siku za kazi ni karani wa ghala huko Rusayl. Alkhamisi yuko harusini, upande wa wanawake, kajifunga kanga juu ya kanzu, anaigiza mama mkwe. Mama mkwe wake huyo ni mtu wa kwetu Unguja aliyekuja Oman akajitia kasahau Kiswahili. Anazungumza Kiarabu kitupu, tena cha kubabaisha, kidole juu, mpaka kahawa ya moto immwagikie mguuni. Hapo tena: "Mamangu weee, nnakufa!" Na matusi mawili matatu ya mitaa ya Ng'ambo, kule Unguja, yakifuata nyuma. Tukicheka mpaka buibui zinatuvuka. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu kama huyo kwao, na baadhi yetu ndio sisi wenyewe.

Kanda zake zilikuwa kila nyumba mtaani kwetu Darsait, zimenakiliwa mpaka sauti imefifia. Mwaka mmoja akatokea kwenye televisheni, mchezo wa Kiarabu wa Ramadhani, muuza chai asiye na maneno hata kumi. Tuliiacha futari ipoe tumtazame yeye.

Alikuwa akipenda wanaume. Nnaandika hivyo hivyo kwa sababu wanaomsifu leo wanalikwepa kama shimo la barabarani. Aliniambia mwenyewe jikoni kwangu, tunamenya vitunguu, nami machozi yakanitoka. Akanitazama. "Unanililia mie au vitunguu?" Nikamwambia vitunguu. "Basi endelea kumenya," akasema, na hatukulirudia tena.

Akiniita shoga, nami nikimwita shoga. Kwetu mwanamke humwita hivyo mwenziwe aliyeshibana naye. Na neno hilo hilo watu humtusia mwanamume kama yeye. Yeye alilipenda kwa sababu hiyo. Alisema limemtosha pande zote, halihitaji kupunguzwa kwa fundi.

Siku moja nilimwita shoga jirani yangu Mkenya, msusi wa saluni ya chini, kwa mapenzi tu. Loh! Alininunia wiki nzima, kwani kwao lina maana moja tu, tena mbaya. Nilipomhadithia shoga yangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Shoga, huko limeharibika. Sie tulihama nalo lingali zima. Lishike vizuri, usije ukalivunja."

Nililivunja mie mwenyewe, sokoni Ruwi, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka kazini, miguu imevimba, nimesimama mlangoni mwa duka la vitambaa na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, mtu mkali wa kuchunga heshima za watu. Nikasikia ng'ambo ya njia, "Shogaaa!" Sauti ile ya kwenye kanda. Watu wakageuka. Shemeji akaniuliza, "Anakwita wewe huyu?"

Nikasema, "Ah, wapi! Mie simjui."

Alikuwa keshavuka njia. Alikuwa karibu, alinisikia. Hakufanya mzaha wowote, na mzaha ndio ilikuwa kazi yake. Alisema tu, "Samahani, bibi, nimekufananisha," akaenda zake.

Tangu siku hiyo nikawa bibi. Tukikutana harusini, "Hujambo, bibi?" Adabu tupu, wallahi, na adabu ile iliniuma kuliko angenitukana. Jikoni kwangu hakuja tena. Kila mara nikisema leo nitamwomba radhi, na kila mara kuna watu, kuna watoto, kuna wifi kakaa karibu. Visingizio. Nilikuwa mwoga, basi.

Miaka ikapita hivyo. Figo zilipomshinda nilikwenda kumtazama hospitali, nimechukua uji wa mchele. Amekonda, macho tu yamebaki. "Ahsante, bibi," akasema. Mamake alikuwa kasinzia kwenye kiti. Chumba kizima ni sisi, na neno lenyewe ni moja tu. Nikasema nimechoka leo, nitakuja tena wiki ijayo. Kwa kweli nilikuwa nimechoka. Wiki ijayo hakuifikia.

Azaa, matanga yake, ilikuwa kwa mamake. Wanawake wamejaa ukumbini, wamekaa chini kuzunguka kuta, na kila anayeingia humpa mkono mama na kumwambia yeye ni nani wa marehemu. Binamu. Jirani wa zamani. Mke wa aliyefanya naye kazi. Pembeni, na kikombe chake cha kahawa, alikuwa kakaa mke wa shemeji yule. Nilimwona kabla sijavua viatu.

Nikainama kwa mama, nikampa mkono. "Wewe nani wake, mwanangu?"

"Shoga yake," nikasema polepole.

"Eh?" Bi mkubwa yule masikio yalikuwa mazito, nami nilikuwa nimesahau. "Sikusikii. Sema kwa sauti!"

Nilihisi mke wa shemeji anageuka. Miaka yote ile ya harusi na sikukuu, na ilikuwa lazima iwe hapa, mbele ya watu, kwa kelele.

"Shoga yake!" nikasema. "Mie ni shoga yake!"

Vikombe vyote vilisimama. Hakuna mwanamke mle ndani asiyejua neno lile lina pande mbili. Mama hakuniachia mkono. Alinitazama sana.

"Wa Darsait?"

"Ndio, mama."

"Alinambia utakuja," akasema. "Akasema, 'Mama, shoga yangu atakuja, ila atachelewa, na akilia atasema ni vitunguu.'"

Nilicheka, Mungu anisamehe, katikati ya azaa, kicheko kikanigeukia kilio na sikuweza kukizuia. Mama akasogeza mguu wake mbovu, akapigapiga zulia pale ubavuni pake.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.